Rubani Mrefu Aliyetokea Dar es Salaam

Wanangu wa Mbangala, Tunduma, Vwawa na vijiji vyote vya Songwe, leo nawasimulia habari za rubani wa ndege za kivita. Hakuzaliwa kwetu, lakini safari yake ya vitani ilianzia katika nchi hii, wakati ikiitwa Tanganyika. Jina lake ni Roald Dahl. Huenda baadhi yenu mmesoma vitabu vyake: kile cha msichana Matilda, au kile cha Charlie na kiwanda cha chokoleti. Kabla hajawa mtunzi wa watoto alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam, na kabla hajashika kalamu alishika usukani wa ndege yenye bunduki nane.

Nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu habari zake zilisimuliwa mara mbili. Mara ya kwanza zilikuwa na uongo ndani yake. Mara ya pili zilikuwa kweli. Nataka tuzipime zote mbili.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, katika jiji la Cardiff, Wales. Wazazi wake walikuwa Wanorwei. Alipokuwa na miaka mitatu tu dada yake Astri alifariki, na baada ya majuma machache baba yake naye akafuata. Mama yake, Sofie Magdalene, akabaki na mzigo wa kulea watoto peke yake. Roald alipomaliza shule hakutaka chuo kikuu. Alitaka kuiona dunia, akaomba kazi katika kampuni ya Shell, na mwaka 1938 kampuni ikampakia melini kuja Dar es Salaam. Kazi ilikuwa kuwafikia wateja na kuwapatia mafuta ya mitambo na magari, kwenye mashamba ya mkonge na mahali pengine ndani ya nchi. Akajifunza Kiswahili, kwa kuwa bila Kiswahili kazi isingekwenda.

Msidhani ndege ilikuwa kitu kigeni kabisa katika anga la kwetu wakati huo. Tangu mwaka 1932 shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilikuwa likisafirisha abiria mpaka Cape Town, na Mbeya ilikuwa moja ya vituo vya njia hiyo. Ndege ilitoka Nairobi, ikapita Moshi na Dodoma, ikatua Mbeya, kisha ikavuka kwenda Mpika, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa hiyo wazee wa nyanda hizi walikwisha kuzoea muungurumo wa injini juu ya vichwa vyao. Lakini kukaa kwenye kiti cha rubani na kuiongoza ndege hiyo, mtu mweusi wa Tanganyika hakuruhusiwa. Neno hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Sasa tuingie kwenye vita. Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani ya Hitler. Hapa Tanganyika habari hiyo ilikuwa nzito kuliko mahali pengi, kwa sababu Wajerumani walikuwa bado wako kati yetu. Nchi hii ilikuwa koloni lao mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata mpaka wetu wa Tunduma uliona moshi wa vita vile: mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilishambulia Fife, ng'ambo tu ya Tunduma, na tarehe 25 mwezi huohuo akasalimu amri Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala. Baadaye Waingereza walikabidhiwa Tanganyika, lakini walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurudi. Wengi wao walilima mkonge, kahawa na mazao mengine, wakiwemo walioishi huku Nyanda za Juu Kusini.

Serikali ikaamua wanaume wa Kijerumani wakamatwe na kuwekwa kambini. Dahl, kijana wa miaka 22 asiyejua lolote kuhusu jeshi, alipewa cheo cha muda na kikosi cha askari wa King's African Rifles, wale ambao babu zetu waliwaita Keya. Akaamriwa kuziba barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda kusini, ili Wajerumani wasikimbilie Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Fikirini hali ilivyokuwa. Mwenye cheo hajawahi kupigana. Waliosimama nyuma yake ni askari Waafrika waliofunzwa kazi na wanaoijua bunduki. Yeye mwenyewe baadaye aliandika kwamba askari hao ndio waliokuwa wataalamu, na yeye ndiye aliyekuwa mgeni wa mambo. Ni jambo jema kwa mtu kulikiri.

Novemba 1939 aliacha kazi, akaendesha gari kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi, na huko akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Daktari alimpima akasita kidogo: kijana alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, na vyumba vya marubani havikujengwa kwa watu wa kimo hicho. Lakini jeshi lilihitaji watu, akapita.

Ndege ya kujifunzia iliitwa Tiger Moth. Ilikuwa na mabawa mawili juu na mawili chini, mwili wake umefunikwa kitambaa, na haikuwa na paa. Rubani alikaa upepo ukimpiga usoni. Kwa wengine kioo cha mbele kiliwakinga, lakini kichwa cha Dahl kilichomoza juu ya kioo, hata akashindwa kuvuta pumzi. Akapata dawa: alijifunga kitambaa cha pamba puani na mdomoni, akaendelea na masomo. Baada ya saa 7 na dakika 40 tu za mafunzo angani, mwalimu wake alimruhusu kuruka peke yake. Kutoka juu aliona twiga, nyati na makundi ya wanyama katika nyika za Kenya, na maisha yake yote hakuisahau furaha ile.

Walikuwa vijana 16 katika darasa lile la Nairobi. Dahl aliandika kwamba katika miaka miwili iliyofuata, 13 kati yao waliuawa. Hesabuni wenyewe waliobaki. Mtu akikwambia vita ni mchezo wa kishujaa, mkumbushe darasa lile.

Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, nchini Iraki, akafunzwa kwa miezi sita mpaka akapata nembo ya mabawa ambayo rubani aliyehitimu hushona kifuani. Kisha akapelekwa Misri, maana upande wa magharibi, nchini Libya, Waitaliano walikuwa wamejiunga na Hitler na walikuwa wakisukuma jeshi lao kuelekea mfereji wa Suez. Na hapo ndipo tunafika siku iliyogeuza maisha yake.

Ilikuwa tarehe 19 Septemba 1940, siku chache baada ya kutimiza miaka 24. Aliamriwa kupeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake kipya, Kikosi namba 80, kilichokuwa jangwani. Gladiator ilikuwa ndege ya kizamani yenye mabawa pacha, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kupigana nayo. Alitua mara mbili njiani kujaza mafuta. Kituo cha mwisho kilikuwa Fouka, na huko akaelekezwa mahali uwanja wa kikosi ulipo, kusini mwa mji wa Mersa Matruh. Akaweka ramani magotini, akapaa.

Jua lilikuwa likishuka. Alifika mahali alipoelekezwa, akatazama chini, hakuona kitu. Hapakuwa na hema, wala ndege, wala mtu. Kulikuwa na mchanga, mawe na mabonde makavu. Akazunguka, akaenda kaskazini, akarudi kusini. Mshale wa mafuta ukazidi kushuka, na giza linapoingia jangwani haliji polepole. Bodaboda ikiishiwa mafuta, dereva hushuka akaisukuma mpaka penye petroli. Ndege haimpi rubani nafasi hiyo. Ilibidi Dahl achague: asubiri injini izime yenyewe gizani, au ashuke sasa hivi, angali anaona chini walau kidogo, na kutafuta sehemu tambarare kati ya mawe.

Akashuka. Alipunguza mwendo kadiri alivyoweza, lakini magurudumu yaligonga jiwe kubwa, na ndege ikajikita mchangani kwa pua. Kichwa chake kikagonga mbele kwa nguvu. Fuvu lilipasuka, pua ikabonyea ndani, meno yakang'oka, na macho yakavimba mpaka yakafunga kabisa. Alikuwa hajitambui vizuri, anataka tu kulala. Kilichomwamsha ni joto. Mafuta yaliyobaki yalikuwa yameshika moto. Akafungua mikanda kwa kupapasa, akajiburuta nje, akatambaa mchangani akiwa haoni. Nyuma yake risasi za bunduki za ndege zilianza kulipuka kwa sababu ya moto na kuruka ovyo. Hakuna adui aliyezifyatua. Alinusurika nazo.

Askari wa Kiingereza walimwokota wakampeleka Mersa Matruh, na kutoka huko akasafirishwa hadi hospitali ya Alexandria. Kwa majuma kadhaa hakuona chochote, na hakujua kama ataona tena. Kisha siku moja uvimbe ulipopungua, mwanga ukaanza kurudi. Alikaa hospitalini miezi mingi, na aliruhusiwa kutoka mwanzoni mwa mwaka 1941.

Jeshi lilichunguza ajali ile, na Dahl alieleza matokeo yake. Hakuwa amepotea kwa uzembe. Maelekezo aliyopewa hayakuwa sahihi: yalimpeleka kwenye eneo lililokuwa katikati ya majeshi mawili, ambako hakukuwa na uwanja wowote. Mtu mmoja alitaja mahali pasipo penyewe, na kijana mwingine akakaribia kufa. Hivyo ndivyo vita ilivyo mara nyingi. Anayekuangusha si lazima awe adui.

Mngeweza kudhani angerudi nyumbani. Alipewa nafasi hiyo, akakataa. Aprili 1941 akiwa na saa chache tu za kuzoea ndege mpya, aliirusha Hurricane juu ya bahari ya Mediterania, kutoka Misri mpaka Ugiriki, kukutana na kikosi chake. Hurricane ilikuwa kitu kingine kabisa: bawa moja kila upande, injini yenye nguvu, mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa saa, na bunduki nne katika kila bawa. Zote nane zilifyatuka pamoja, rubani akibonyeza kitufe kwa kidole gumba. Bunduki hazikugeuka. Ili kulenga, ilibidi uelekeze ndege nzima. Kwa hiyo kupigana angani kulikuwa kujua kuruka kwanza, na shabaha baadaye.

Alipofika uwanja wa Elevsis karibu na Athens, aligundua kwamba Waingereza walikuwa na Hurricane kiasi cha 14 tu kuilinda Ugiriki yote, huku Wajerumani wakija na mamia ya ndege. Hakuna aliyemfundisha mbinu za mapambano mpaka rubani mmoja, David Coke, alipomwonea huruma akakaa naye jioni moja kumweleza la kufanya. Mafunzo ya jioni moja tu, kutoka kwa rafiki. Coke mwenyewe aliuawa Desemba mwaka huohuo.

Kisha ikaja siku ya tarehe 20 Aprili 1941. Hurricane zilizobaki, 12 kwa hesabu yake, zilipaa pamoja juu ya Athens zikiongozwa na Pat Pattle, rubani aliyezaliwa Afrika Kusini na mmoja wa mabingwa wakubwa wa jeshi lile. Wakakutana na ndege za Kijerumani zilizowazidi mara nyingi. Dahl alieleza kwamba popote alipogeuza macho aliona ndege nyingine ikija, na kwamba kuna wakati kazi pekee aliyoiweza ilikuwa kukwepa kugongana. Alifyatua risasi, lakini alisema wazi kwamba hakujua kama alimpiga mtu, maana hakuwa na nafasi ya kugeuka kutazama. Pattle alikufa katika pambano lile. Kwa hesabu ya Dahl, ndege tano hazikurudi. Yeye alitua akiwa amelowa jasho, akataka kuvuta sigara, na mkono ukatetemeka mpaka hakuweza kuiwasha.

Nataka mlione jambo hilo, wanangu. Rubani ambaye wanahistoria wanamhesabia angalau ndege tano za adui alizoziangusha ndiye huyohuyo aliyetetemeka mikono, na ndiye aliyeandika kwamba alitetemeka. Kutetemeka hakumpunguzii kitu.

Siku chache baadaye Waingereza waliondoka Ugiriki. Kikosi namba 80 kilihamia Haifa, Palestina, na Dahl alipigana tena kwa muda mfupi juu ya Siria na Lebanoni. Lakini fuvu lililopasuka jangwani lilianza kudai. Maumivu makali ya kichwa yakamshika akiwa angani, na wakati mwingine alipoteza fahamu. Rubani anayezimia angani ni hatari kwake na kwa wenzake, kwa hiyo madaktari wakamwondoa. Katikati ya mwaka 1941 alirudishwa kwa mama yake. Utumishi wake vitani kama rubani, kuanzia Kikosi namba 80 mpaka mwisho, haukufika hata mwaka mzima, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa kitandani.

Sasa nafika kwenye ile ahadi ya hadithi mbili. Mwaka 1942 alipelekwa Washington, Marekani, kufanya kazi katika ubalozi wa Uingereza. Mwandishi maarufu C. S. Forester alimtaka amweleze habari zake za vita. Dahl akaziandika mwenyewe, na mwezi Agosti mwaka huo gazeti la Saturday Evening Post likachapisha. Humo ilisemwa kwamba alidunguliwa na adui juu ya Libya. Ndiyo hadithi iliyopendwa: rubani kijana, risasi za Waitaliano, ndege inawaka moto. Uingereza ilihitaji Wamarekani waipende, na hadithi ya namna hiyo ilisaidia. Lakini haikuwa kweli. Baada ya miaka mingi, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ujana wake wa Tanganyika na wa vitani, alieleza peupe: hakudunguliwa. Alipewa maelekezo mabaya, akaishiwa mafuta, akaanguka.

Mimi naiona hadithi hii ya pili kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza inamfundisha kijana kwamba hatari ni adui peke yake. Ya pili inamfundisha kwamba neno lililotamkwa bila uangalifu linaweza kumuua mtu, na kwamba mtu aliyeumizwa hivyo anaweza bado kusimama na kurudi kazini. Chumvi ya gazeti ilimpa sifa ya siku chache. Ukweli umetupa somo.

Baada ya vita Dahl akawa mtunzi. Maisha hayakumwonea huruma: mwaka 1960 mwanawe mchanga aligongwa na teksi New York akaumia kichwa, na mwaka 1962 binti yake Olivia, wa miaka saba, alifariki kwa surua. Hakuwa pia mtu asiye na dosari. Alisema maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na mwaka 2020 familia yake iliomba radhi kwa ajili ya maneno hayo. Baadhi ya simulizi zake za Tanganyika pia, walioandika maisha yake wamezitilia shaka. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990. Nawaambia haya kwa sababu anayedai ukweli kuhusu ajali ya ndege hawezi kuuficha ukweli kuhusu rubani.

Na sasa lile neno nililowaomba mliweke akilini: mtu mweusi wa Tanganyika hakuruhusiwa kuongoza ndege. Katika kitabu chake Dahl anamtaja kijana aliyemtumikia nyumbani Dar es Salaam, Mdisho, na anasema kwamba yeye Dahl ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika. Tunachokijua kuhusu Mdisho ni kile tu alichoandika bwana wake. Mdisho aliionaje vita? Hatuna ukurasa wake. Vilevile makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika waliingia Keya na vikosi vingine. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 walitembea katika mvua za Burma, bonde la Kabaw, wakisumbuliwa na malaria, matope na risasi za Wajapani. Hawakupewa ndege. Walipewa miguu yao. Wengi walirudi wakatundika kofia zao, wakashika jembe, na hakuna gazeti la Marekani lililowaomba waandike.

Leo Mtanzania anaweza kuwa rubani wa kivita, na vijana wetu wa JWTZ walirusha ndege zao katika vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Mlango uliofungwa mwaka 1939 umefunguka, na yeyote kati yenu anayependa hisabati na fizikia anaweza kuupita. Lakini kazi nyingine haihitaji kusubiri mtihani. Katika ukoo wenu huenda yumo mzee aliyekwenda Burma au Kagera, au mtoto wa mzee huyo. Muulizeni. Ulizeni alikwenda mwaka gani, alisafiri kwa chombo gani, alikula nini, alimwogopa nani, nani hakurudi. Tazameni kama kuna medali au cheti kilichohifadhiwa sandukuni. Andikeni kwenye daftari, mtaje tarehe na jina la aliyesema. Akiwaambia alipigwa risasi, andikeni alipigwa risasi. Akiwaambia aliumwa tumbo njiani akaachwa nyuma na kikosi, andikeni hivyohivyo, na msimwonee haya. Dahl alichukua miaka mingi kulisema la kwake jinsi lilivyokuwa. Nyinyi lisemeni tangu mwanzo.